Maji ya Matunda na Haki ya Mtoto Mchanga

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemwumba mwanadamu katika udhaifu, kisha akamjaalia nguvu baada ya udhaifu wake. Sala na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na sahaba zake wote. Amma baad.

Limeletwa katika darsa yetu suala hili: Mama aanze lini kumnywesha mtoto wake mchanga maji ya matunda? Waulizaji ni watu wa mitaa yetu hii ya Eastlands, khasa wale ambao asili yao ni pwani, na kila mmoja amekuja na hisabu yake. Huyu asema mtoto akitimiza arubaini. Yule asema miezi mitatu. Na wa tatu asema mtoto mwenyewe ndiye atakayeonyesha, akianza kutazama vinywa vya wanaokula.

Huenda msomaji akaliona suala hili kuwa dogo, tena la wauguzi, lisilostahiki ukurasa wa dini. Sisi hatulioni hivyo. Mwenye kuamuliwa jambo hapa ni mtu asiye na ulimi wa kujitetea, wala mkono wa kusukuma kijiko kinachoelekea kinywani mwake. Naye mbele ya sharia ni mtu kamili. Mtoto akizaliwa hai, hata akiishi saa moja, diya yake ni diya ya mtu mzima, haipunguzwi kwa udogo wake. Ikiwa Mwenyezi Mungu ameipa nafsi yake uzito huo, yatupasaje sisi kuamua chakula chake kwa mazoea tu, bila ya kuuliza dalili?

Natutazame kwanza hali ilivyo. Tangu Pumwani ilipoanzishwa, yapata miaka mia moja sasa, watu wetu wamekuwa wakipanda Nairobi kutoka Mombasa, Lamu na Malindi, nao walikuja na desturi zao za malezi. Nyingi katika hizo ni njema: mzazi hupumzishwa siku arubaini, hupikiwa uji wa pilipili manga, wala haachwi peke yake. Lakini pamoja na hizo zimekuja nyingine. Mtoto akizaliwa hutiwa maji ya sukari ili, kama wasemavyo, koo lilainike. Akilia usiku hupewa maji ya dawa ya tumbo. Na mwezi wa pili au wa tatu hukamuliwa chungwa au karakara. Au siku hizi hununuliwa pakiti dukani, kwa kuwa ina picha ya embe juu yake.

Desturi hii si ya watu wa pwani peke yao. Uchunguzi uliofanywa Korogocho na Viwandani, katika upande wetu huu wa mji, baina ya mwaka 2006 na 2010, ulionyesha kwamba katika kila watoto mia ni kiasi cha wawili tu walionyonya maziwa ya mama matupu mpaka miezi sita. Wengine wote walitiwa kitu kingine kabla ya muda huo. Hapana shaka kwamba wengi wa mama hao waliwapenda watoto wao. Basi mapenzi peke yake hayatoshi. Yataka mapenzi yafuatane na ilimu.

Sasa tuzitazame hoja za wanaoharakisha maji ya matunda. Tumezisikia tatu.

Hoja ya kwanza ni kwamba wazee wetu walifanya hivyo, na hata matabibu wa Kizungu waliusia hivyo. Neno hili lina ukweli ndani yake, nao wataka kufahamiwa vyema. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, matabibu wa Uingereza walikuwa wakiamrisha maji ya machungwa kwa watoto wa majuma machache. Na tangu mwaka 1942, wakati wa vita, serikali ya huko ilikuwa ikigawa maji mazito ya machungwa na mafuta ya ini la samaki kwa ajili ya watoto. Kwa nini? Kwa sababu watoto wengi walikuwa wakilelewa kwa maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa, au ya unga wa kopo. Nayo yakipata moto hupotewa na vitamini C, na mtoto anayeikosa hupatwa na kiseyeye. Chungwa lilikuwa dawa ya upungufu wa kopo.

Wanazuoni wa fiqhi wametufundisha kwamba hukumu huandamana na sababu yake: ikiwapo sababu, hukumu huwapo, ikiondoka, nayo huondoka. Mtoto anyonyaye kwa mama yake, naye mama anakula, huipata vitamini hiyo katika maziwa. Sababu haipo. Wazee waliotoa maji ya machungwa hatuwalaumu, kwani walifuata ilimu waliyoipata katika zama zao. Mwenye kulaumiwa ni anayeichukua hukumu akaiacha sababu yake, kisha akaiita hekima ya wazee. Huo ndio uigaji wa upofu ambao siku zote twauonya katika mambo ya ibada. Nao katika malezi hauna tofauti.

Akasema mtu: Mbona matabibu wenyewe hawana kauli moja? Ni kweli kwamba matabibu wa watoto wa Marekani waliandika mwaka 2001 kuwa maji ya matunda yasitolewe kabla ya miezi sita, kisha mwaka 2017 wakasogeza mpaka mwaka mzima. Lakini kurudi kwenye haki baada ya kudhihiri dalili ni sifa ya mwanachuoni, si aibu yake. Imamu wetu Shafi alikuwa na kauli zake za kale alipokuwa Iraq, na kauli mpya alipohamia Misri. Nasi tulio katika madhihabi yake twazifuata zile mpya, ila katika masuala machache, wala hatusemi kwamba alibabaika. Tena tazama kwamba kauli za matabibu zote zimekwenda upande mmoja, nao ni wa kuchelewesha. Hapana aliyerudi kuusia majuma machache.

Hoja ya pili ni ya dini. Wasema: Je, Mtume (S.A.W.) hakuwatia watoto wachanga tende? Naam, aliwatia. Alipozaliwa Abdullah bin Zubeir huko Quba, baada ya Hijra, Mtume alitafuna tende akamsugulia katika kaakaa lake na kumwombea baraka. Hadithi hiyo ni sahihi, nayo ni sunna tukufu. Lakini tahniki ni mguso wa mara moja, wala si lishe. Haikupokewa kwamba mtoto huyo aliendelea kupewa tende kesho yake na kesho kutwa. Mwenye kuifanya mguso huo kuwa ruhusa ya chupa ya kila siku ameitwika sunna mzigo usiokuwa wake.

Na wengine huleta asali, kwa kuwa Mwenyezi Mungu ametaja katika Suratun Nahl kwamba ndani yake mna ponyo kwa watu. Twaamini hivyo bila ya shaka. Lakini dawa ina kadiri yake, na wakati wake, na mtu wake. Asali huweza kuwa na vijidudu ambavyo mtu mzima huvila visimdhuru, lakini katika utumbo wa mtoto asiyefika mwaka humea na kutoa sumu inayolegeza viungo mpaka kuzuia pumzi. Kwa hiyo matabibu huizuia kabisa kabla ya mwaka. Kumzuilia mtoto si kuikadhibisha aya, kama vile kutomfaridhia sala si kuikanusha sala.

Wala rai ya kungojea si ugeni uliotoka Ulaya. Ibnul Qayyim, aliyefariki mwaka 751 wa Hijra, ameandika kitabu kizima juu ya hukumu za mtoto mchanga, nacho ni Tuhfatul Maudud. Humo ameusia kwamba watoto watoshelezwe na maziwa peke yake mpaka waanze kuota meno, kwa kuwa tumbo lao ni dhaifu haliwezi kusaga chakula. Kisha waingizwe katika chakula kidogo kidogo, laini kwanza. Na meno ya kwanza ya watoto wengi huchomoza yapata miezi sita. Karibu ya miaka mia saba baadaye, mwaka 2001, mkutano wa Shirika la Afya Duniani ulikata shauri kwamba mtoto anyonye maziwa matupu miezi sita. Twaona jinsi ilimu ya kweli, itokapo popote, inavyokutana.

Hoja ya tatu ni ya haja: kwamba mtoto ana kiu, au maziwa hayatoshi. Ama kiu, maziwa ya mama katika kila sehemu mia, sehemu kama 88 ni maji. Ama kutotosha, hapa pana jambo ambalo kila mume na kila mavyaa yampasa alifahamu. Maziwa huja kwa kadiri ya kunyonywa. Tumbo la mtoto ni dogo. Likijazwa maji matamu, hanyonyi. Asiponyonya, maziwa hupungua. Yakipungua, husemwa: Si twalikwambia maziwa yako hayatoshi? Basi huongezwa maji matamu zaidi. Hivyo dawa ndiyo iliyozaa ugonjwa, na mama akasingiziwa. Haba na haba hujaza kibaba. Na kibaba hiki kimejaa sukari, hamna ndani yake mafuta wala utomvu wa kujenga mwili.

Tena yafikiri maji yenyewe tunayochanganyia. Katika mitaa yetu mifereji hukauka siku nzima, na maji huja kwa mitungi juu ya mikokoteni, hapana ajuaye yametekwa wapi. Kipindupindu kilizuka Nairobi mwaka 2015, na tena mwaka 2017. Mtu mzima akihara siku mbili huinuka. Mtoto wa miezi mitatu huweza kukauka maji ya mwili kabla ya kufikishwa hospitali. Mtume (S.A.W.) amekataza kudhuru na kudhuriana. Je, dhara iliyo wazi zaidi ya hii yataka mashahidi wangapi?

Sasa tuingie katika kiini cha suala, nacho ni hiki: Ni nani mwenye haki ya kuamua? Katika Suratul Baqara, aya ya 233, Mwenyezi Mungu ametaja kunyonyesha miaka miwili kamili kwa atakaye kutimiza. Akamwajibisha baba kuwalisha na kuwavisha mama kwa wema. Akakataza mama asidhuriwe kwa sababu ya mwanawe, wala baba. Kisha akasema kwamba wakitaka kumwachisha kabla ya muda huo, kwa kuridhiana na kushauriana wawili hao, hapana ubaya. Izingatie sana aya hii. Mtoto ndiye mwenye haki ya maziwa, na wazazi wawili ni wenye amana. Baba hakupewa kuamrisha peke yake, wala mama hakuachiwa abebe peke yake. Na kushauriana maana yake ni kutafuta la kheri kwa mwenye ilimu, si kushindana kwa sauti.

Ikiwa kumwachisha mtoto wa mwaka na nusu kwataka ridhaa ya wawili na mashauri, je, kumtilia mtoto wa miezi miwili kitu kitakachompunguzia maziwa kwaweza kuamuliwa na jirani aliyepita mlangoni? Mavyaa na nyanya wana heshima yao, na kuwatii wazazi ni wajibu katika mema. Lakini utiifu hauvuki mpaka wa kumdhuru wa tatu. Mke kijana asiachwe apigane vita hivi peke yake; ni kazi ya mume kumwendea mama yake kwa adabu na kumwambia: "Mama, dua zako twazitaka, na mikono yako twaihitaji; lakini katika chakula cha mtoto tumeshauriana na tabibu, nasi twaomba utusaidie kungojea." Mwana akisema hivyo, mama hatahisi kwamba mkwewe amemdharau.

Hapa yatupasa tuseme neno zito, kwani si uadilifu kumsomea mama aya kisha tukaenda zetu. Wako akina mama wengi katika Kayole, Dandora na Majengo ambao wayajua haya yote, nao hawana la kufanya. Sharia ya ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yampa mama miezi mitatu ya mapumziko ya uzazi kwa mshahara kamili. Mtoto anahitaji sita. Na huyo ni mwenye ajira ya maandishi. Muuza mboga, mfua nguo, na msichana wa dukani anayelipwa kwa siku, hawa hurudi kazini arubaini haijatoka, na mtoto akaachwa kwa jirani pamoja na chupa. Tumlaumu nani?

Jawabu tumeachiwa na Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.). Imepokewa na Ibn Saad kwamba usiku mmoja Umar pamoja na Abdurrahman bin Auf walikuwa wakiulinda msafara wa wafanyabiashara uliotua Madina. Akasikia mtoto analia. Akamwendea mama yake akamwusia, kisha akarudi. Kilio kikarejea mara ya pili na ya tatu, mpaka akamkemea mama yule. Naye, asijue asema na nani, akamweleza kwamba anamwachisha mtoto ziwa kwa nguvu kabla ya wakati, kwa sababu Umar hawakatii posho ila watoto walioachishwa. Umar akasalisha alfajiri hali analia, watu hawakukisikia vyema kisomo chake. Kisha akaamrisha inadiwe kwamba watoto wasiharakishiwe kuachishwa, na kwamba kila mtoto wa Kiislamu atakatiwa posho tangu kuzaliwa kwake.

Tazama, ewe ndugu msomaji! Umar hakumpiga mama yule mjeledi, wala hakumpandia mimbari kumwaibisha. Aliona kwamba haraka ya mama imetokana na kanuni yake yeye mtawala, akaigeuza kanuni. Hivyo basi, chupa ya maji matamu ukiiona mkononi mwa mtoto mchanga, usiulize tu mama yake yuko wapi. Uliza pia baba yake ameacha nini cha matumizi, na tajiri wake amempa ruhusa gani.

Baba mwenye kutaka mwanawe anyonye miezi sita, na amlishe mama yake; maana chakula cha mama ndicho chakula cha mtoto, nacho ni deni juu ya baba kwa nassi ya aya tuliyoitaja. Na Ramadhani ikiingia, asimwone mkewe dhaifu wa dini akila mchana. Mwenye kunyonyesha akimhofia mtoto wake ameruhusiwa kufungua. Naye katika madhihabi yetu atalipa siku hizo na kutoa kibaba cha chakula kwa kila siku. Kufunga huku akimziba mtoto kwa maji ya matunda si ucha Mungu.

Na nyinyi matajiri wa Eastleigh, wengi wenu ni Waislamu, na maduka yenu yameajiri binti za watu. Sharia ya afya ya mwaka 2017 imewajibisha waajiri kuweka mahali pa kunyonyeshea. Msingoje mkaguzi. Pembe moja yenye pazia, na ruhusa ya nusu saa mara mbili kwa siku, ni sadaka isiyokupunguzieni mtaji. Na pale mama asipoweza kuja, aweza kukamua maziwa yake katika chombo safi chenye kifuniko, nayo hukaa muda wa saa nne bila ya kuharibika, jirani akamnywesha mtoto kwa kikombe na kijiko. Ama jirani akimnyonyesha mwenyewe mara tano, huwa mama yake wa ziwa, na watoto wake ni mahramu. Basi lisifanywe hilo bila ya kuandikwa na kujulikana.

Na lisemwe pia kwamba mambo hubadilika watu wakisaidiwa. Korogocho na Viwandani hizo hizo, wahudumu wa afya ya jamii walipowaendea mama wajawazito nyumba kwa nyumba na kuwafundisha, wakaendelea nao hata baada ya kuzaa, zaidi ya nusu ya mama hao waliweza kutimiza miezi sita. Walikuwa katika mitaa ile ile na umasikini ule ule, ila walipata mtu wa kuwaeleza na kuwashika mkono.

Baada ya maelezo haya, jawabu letu ni hili. Mpaka miezi sita, mtoto asipewe ila maziwa ya mama, na dawa aliyoiandika tabibu. Miezi sita ikitimia aingizwe katika chakula, na matunda yawemo: papai, ndizi mbivu au embe, lipondwe na kupewa kwa kijiko pamoja na uji, mayai na kunde, na kunyonya kuendelee. Tunda lililopondwa lina kheri zote za maji yake, na zaidi. Ama maji ya matunda yenyewe, mtoto hana haja nayo kabla ya mwaka. Akipita mwaka, wazazi wakipenda, isizidi nusu kikombe kwa siku, katika kikombe pamoja na chakula. Si katika chupa ya kulalia, kwani hiyo huozesha meno. Na ile pakiti yenye maji, sukari na rangi si maji ya matunda hata ikiitwa hivyo. Kuiita hivyo ni ghushi.

Mama asiye na maziwa, au mwenye maradhi, au mwenye virusi vya ukimwi, na afuate maelekezo ya kliniki yake. Darura ina hukumu yake, wala asihukumiwe na majirani.

Je, aliyempa mtoto kabla ya wakati ana dhambi? Asiyejua amesameheka mpaka ajulishwe, na jukumu la kumjulisha li juu yetu sisi tuliojua. Ama aliyejulishwa, akaweza kungojea, kisha akashikilia kwa ukaidi tu kwamba ndivyo tulivyolelewa, huyo na ajitayarishie jawabu. Kila mmoja wetu ni mchunga, na ataulizwa alichokichunga. Na katika vichungwa vyote hapana aliye mnyonge kuliko mtoto wa mwezi mmoja.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu, awalipe mama zao kwa kila tone, na atujaalie tuwe wenye kusikiliza maneno na kufuata yaliyo bora. Wallahu aalam.